Desemba 2008: Mameneja wa Benki Walipotaka M-Pesa Ikaguliwe

Mwezi Desemba mwaka 2008, John Michuki, aliyekuwa akikaimu uwaziri wa fedha nchini Kenya, aliagiza M-Pesa ikaguliwe. Huduma hiyo ya kutuma pesa kwa simu haikuwa imetimiza hata miaka miwili tangu Safaricom ilipoizindua Machi 2007, lakini wateja wake walikuwa wamekaribia milioni 5. Hakuna benki yoyote nchini iliyokuwa na wateja wengi kiasi hicho. Agizo hilo lilitokana na shinikizo la benki kubwa. Zilikuwa zikilalamika kwamba kampuni ya simu inapokea pesa za watu bila leseni ya benki, haibanwi na masharti yanayozibana wao, na siku ikiteleza itaanguka na akiba za wanyonge.

Benki Kuu ya Kenya, chini ya Gavana Njuguna Ndung'u, ilifanya ukaguzi huo pamoja na Hazina. Januari 2009 taarifa ikatolewa kwa umma: mfumo uko salama, pesa za wateja zipo, huduma iendelee. Waliotarajia M-Pesa ipunguzwe kasi waliishia kuona ikipewa cheti cha ubora na msimamizi wao wenyewe.

Kisa hiki husimuliwa kwa wepesi sana. Inasemekana wakubwa wa benki waliogopa teknolojia, nayo teknolojia ikawashinda. Nimekifuatilia kwa miaka na sikubaliani na masimulizi hayo. Wakuu wa benki za Kenya hawakuwa wageni wa mashine. Ndio walioidhinisha ATM, waliohamisha hesabu kutoka vitabuni hadi kwenye kompyuta, waliounganisha matawi ya Mombasa na Kisumu na makao makuu Nairobi. Wengi wao waliipenda otomatiki na kuitafutia bajeti. Kilichowagawa ni aina ya otomatiki. Iliyomwacha mteja ndani ya akaunti zao waliikaribisha. Iliyomhudumia mtu bila kupita kwao waliiita hatari. Ukikisoma kisa kwa jicho hilo, mengi yaliyofuata hadi mwaka 2017 yanaeleweka, yakiwemo yale yanayoonekana kupingana.

Foleni ya mwisho wa mwezi

Utafiti wa FinAccess wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa chini ya mtu mzima mmoja kati ya watano nchini Kenya alikuwa akitumia huduma rasmi za benki. Karibu wanne kati ya kumi hawakuwa na huduma yoyote ya fedha, hata ile isiyo rasmi. Hali hiyo haikuja kwa bahati mbaya. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, benki kubwa za kigeni zilifunga matawi mengi ya mashambani na kupandisha kiwango cha chini cha salio. Mwenye akaunti ndogo alikuwa gharama, na meneja aliyempunguza alipeleka makao makuu hesabu zilizopendeza.

Kufungua akaunti kulikuwa safari. Ulitakiwa kitambulisho, picha za pasipoti, barua ya mwajiri au mteja wa zamani wa kukudhamini, na pesa ya kuanzia ambayo mama wa kuuza mboga sokoni hakuwa nayo. Ukishafungua, ada ya kutunza akaunti ilikatwa kila mwezi, uwe umeitumia au hukuitumia. Mtu aliyetaka kupelekea wazazi pesa kijijini aliifunga kwenye bahasha akampa dereva wa basi au jamaa anayesafiri, akabaki akiomba ifike.

Meneja wa tawi hakumwona mtu huyo, kwa sababu hakuwahi kuingia mlangoni kwake. Aliyemwona ni mwalimu aliyepokea mshahara mwisho wa mwezi. Siku hizo foleni ilitoka ukumbini ikafika barabarani. Keshia alihesabu noti, akagonga muhuri, akapiga saini. Kiasi kikiwa kikubwa alisubiri mwenzake mwenye mamlaka zaidi aje aidhinishe. Watu waligombana, walinzi waliingilia, makeshia walibaki hadi usiku wakisawazisha hesabu. Ukimuuliza meneja wa mwaka 2006 tatizo la huduma za benki ni nini, angekuonyesha foleni hiyo. Dawa aliyoijua ni ATM.

ATM ilipendwa kwa sababu za haki kabisa. Ilipunguza foleni, ilifanya kazi Jumapili, haikukosea kuhesabu. Benki zisizo na mashine za kutosha zilijiunga na mitandao kama Kenswitch na PesaPoint ili wateja wao watoe pesa kwingine. Mwaka 2005 Benki Kuu nayo ilianzisha mfumo wa KEPSS, ambao uliwezesha malipo makubwa kati ya benki na benki kumalizika siku hiyohiyo. Mabadiliko haya yalikuwa makubwa kuliko watu wanavyoyakumbuka, na hakuna aliyekwenda kwa waziri kuyalalamikia. Kadi ya ATM ilikuwa na jina la benki, aliyeishika alikuwa tayari mteja wa benki, na ada yake iliingia benki. Mashine ilichukua kazi ya keshia, ikaacha kila kitu kingine mahali pake.

Kulikuwa na benki moja iliyosoma hesabu kwa namna nyingine. Equity ilianza mwaka 1984 kama chama cha kukopesha ujenzi, na mwaka 1993 Benki Kuu iliiona imefilisika kwa hesabu. Chini ya James Mwangi na wenzake ilijijenga upya kwa kuwafuata wale waliofukuzwa na wengine: wakulima wa chai, wachuuzi, mafundi. Iliondoa ada za kila mwezi na sharti la salio la chini, na ilipoingiza kompyuta lengo lilikuwa kubeba watu wengi wenye pesa kidogo, kwa gharama ndogo kwa kila mmoja. Ikawa benki kamili mwishoni mwa mwaka 2004. Naitaja mapema kwa sababu itarudi, na kwa sababu inathibitisha kuwa viongozi wa benki hawakuwa na mtazamo mmoja hata kabla ya M-Pesa.

Dukani kwa wakala

M-Pesa yenyewe haikubuniwa kushindana na benki. Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza yenye hisa katika Safaricom, ilipata ruzuku ya serikali ya Uingereza, ikaanza majaribio Kenya Oktoba 2005 pamoja na Faulu, taasisi ya mikopo midogo, huku pesa zikihifadhiwa katika Benki ya Biashara ya Afrika, maarufu kama CBA. Wazo lilikuwa wakopaji warejeshe mikopo kwa simu. Washiriki wakaanza kuutumia mfumo kwa mambo yao: kumtumia ndugu aliyekwama, kumlipa mwenzake deni. Waendeshaji wakaliona hilo, wakaweka mikopo kando, wakajenga huduma ya kutuma pesa.

Inafaa kuangalia kwa karibu kilichofanyika dukani, maana hapo ndipo mameneja wa benki walichelewa kuelewa. Mteja alifika kwa wakala, mara nyingi duka la kadi za simu au la vyakula. Alitoa kitambulisho. Wakala alifungua daftari kubwa lenye safu za tarehe, namba ya muamala, kiasi, namba ya simu, namba ya kitambulisho na saini. Kama mteja anatoa pesa, alifungua menyu kwenye simu yake, akaandika namba ya wakala, kiasi, kisha namba ya siri. Ujumbe uliingia kwenye simu zote mbili, ya mteja na ya wakala, na wakala hakutoa hata shilingi moja kabla ujumbe haujaingia kwake. Mteja akatia saini daftarini, akahesabu noti zake, akaondoka. Kumtumia mtu aliyesajiliwa kuligharimu shilingi 30, na kwa muamala mmoja hukuweza kutuma zaidi ya shilingi 35,000.

Noti alizopewa mteja zilikuwa za mwenye duka mwenyewe. Wakala alinunua floti, yaani pesa ya kwenye simu, kwa mtaji wake. Mteja akiweka pesa, floti inapungua na droo inajaa. Akitoa, droo inapungua na floti inaongezeka. Mwenye duka anayeuza unga na sukari siku nzima ana noti tele kwenye droo ambazo kwa kawaida angehangaika kuzipeleka benki. Sasa alizigeuza floti palepale kwa kumlipa anayetoa. Shughuli ya kusafirisha, kulinda na kuhesabu noti, ambayo ni mzigo mkubwa katika gharama za tawi lolote, ilikuwa imesambazwa kwa maelfu ya maduka ambayo tayari yalikuwa yanashika noti. Hakuna ATM iliyowahi kufanya hivyo. ATM ilihitaji jengo, umeme, gari la kusindikizwa na polisi kuleta noti.

Kisha yakaja machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Barabara zilifungwa, matawi mengi ya benki yalifunga milango, watu walikwama mijini na vijijini bila hela ya chakula. Simu zikaendelea kufanya kazi. Aliyekuwa Nairobi alimtumia ndugu yake Eldoret, na wakala aliyethubutu kufungua duka alimpa pesa. Nadhani hakuna tangazo la biashara ambalo lingeijengea huduma hii imani kama wiki zile. Watu walioonja hali hiyo hawakuhitaji kuelezwa tena kwa nini pesa ikae kwenye simu.

Malalamiko yao yalikuwa na uzito gani

Nataka kuwatendea haki waliolalamika. Tukivua siasa, walikuwa na hoja tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya kisheria. Kwa sheria ya benki, anayepokea amana za umma ni lazima awe na leseni. Jibu la Benki Kuu lilikuwa tayari hata kabla huduma haijazinduliwa, pale ilipoandika barua ya kutokuwa na pingamizi. Kila shilingi iliyoko kwenye simu ilipaswa kuwa na shilingi yake katika akaunti ya udhamini iliyokuwa CBA. Safaricom haikuruhusiwa kuikopesha wala kuiwekeza kwa faida yake, na mteja hakulipwa riba. Salio lilikuwa na kikomo cha shilingi 50,000. Benki hupokea amana na kuikopesha kwa watu wengine, na hatari inayosimamiwa na sheria ya benki hutoka hapo. M-Pesa haikuwa ikifanya hivyo. Hoja hiyo ilijibika, na wanasheria wa benki walikuwa na kila nafasi ya kulijua jibu.

Ya pili ilihusu utambulisho na fedha haramu. Benki zilikuwa zinatakiwa kumjua mteja kwa undani, na duka la mtaani lilimsajili mtu kwa kitambulisho tu. Hapa walikuwa na kitu. Hata hivyo kikomo cha kiasi kilipunguza uzito wa hoja, na kila muamala uliacha alama ambayo bahasha ya dereva wa basi haikuiacha kamwe.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito, na ndiyo waliyoisema kwa sauti ndogo kuliko zote: huduma hii ilikuwa inaendeshwa kwa barua, bila sheria inayoihusu. Kama mdhamini wa akaunti angefilisika, mteja angeshika nini mkononi mahakamani? Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo ilikuja mwaka 2011, na kanuni zake zikakamilika mwaka 2014, miaka saba baada ya uzinduzi. Uamuzi wa Benki Kuu kuacha huduma itangulie na sheria ifuate ulifanikiwa, nami nauona ulikuwa sahihi, lakini ulikuwa na hatari ambayo meneja mwangalifu alikuwa na haki ya kuitaja. Bahati mbaya, kwa kuilundika pamoja na ombi la kubana mshindani, hoja ikapoteza heshima yake.

Kuna jambo jingine ambalo kwa mtazamo wangu linaeleza hasira ya wakati ule kuliko hoja zote tatu. Pesa za M-Pesa hazikutoka nje ya mfumo wa benki. Zilikuwa benki muda wote, ila zilikuwa katika benki moja. CBA, iliyojulikana kwa matawi machache na wateja wenye pesa nyingi, ilijikuta ndiyo inayotunza akiba ya mabilioni ya shilingi yaliyotokana na watu ambao benki nyingine zilikuwa zimewafungia mlango. Kwa mkuu wa benki yenye matawi mengi, hilo lilichoma.

Baada ya ukaguzi, kila mmoja na njia yake

Taarifa ya Januari 2009 ilipotoka, kuzuia hakukuwezekana tena. Mtazamo wa viongozi wa benki ulibadilika kwa kasi ya kushangaza, na hapa ndipo nadharia ya "waliogopa teknolojia" inapoporomoka. Watu wale wale, katika ofisi zile zile, ndani ya miaka michache walikuwa wakiomba wenyewe ruhusa ya kutoka nje ya matawi.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2009 ilirekebisha sheria ya benki ili benki ziweze kutumia mawakala, na mwongozo wa Benki Kuu ukaanza kutumika Mei 2010. Mwongozo uliweka masharti ya busara. Wakala awe na biashara halali iliyodumu angalau miezi 18. Benki isimfunge kuihudumia benki hiyo peke yake. Benki ibebe lawama ya makosa ya wakala wake. Kufikia mwaka 2015 mawakala wa benki walikuwa kama 40,000, na sehemu kubwa sana walikuwa wa benki tatu: Equity, KCB na Co-operative. Benki za wateja wakubwa hazikuhangaika sana na njia hii, na hazikuwa na sababu.

Kwa meneja wa tawi, wakala alikuwa mtihani wa kweli. Fikiria unapimwa kwa amana za tawi lako, ada za tawi lako, watu wanaopita ukumbini mwako. Wakala akifunguliwa mtaa wa pili, ukumbi unapungua watu. Kama miamala yake haihesabiwi kwako, huyo ni mshindani aliyetumwa na mwajiri wako mwenyewe, na hakuna semina ya mabadiliko itakayokufanya umpende. Ikihesabiwa kwako, utatoka mwenyewe asubuhi kwenda kuzungumza na wenye maduka. Najua wapo wanaoandika kwamba mtazamo wa meneja kuhusu otomatiki hutegemea umri wake, elimu yake au ujuzi wake wa kompyuta. Nionavyo, kabla ya kuuliza hayo muulize anapimwa kwa kipimo gani mwisho wa robo mwaka.

Ushirikiano wa kwanza mkubwa kati ya benki na Safaricom ulikuwa M-Kesho, Mei 2010, ambapo mteja wa M-Pesa aliweza kuwa na akaunti Equity yenye riba. Ulianza kwa shangwe ukanyauka. Pande mbili zenye nguvu zilikutana, na kila moja ilitaka mteja awe wake.

Wa pili ulidumu. Novemba 2012 CBA na Safaricom walizindua M-Shwari. Mtu alifungua akaunti ya benki kwa kubonyeza simu dakika chache, bila fomu, maana alikuwa ameshasajiliwa M-Pesa. Aliweka akiba, na akaomba mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Kompyuta iliangalia jinsi alivyokuwa akitumia simu na M-Pesa, ikampa kikomo chake. CBA, iliyokuwa na matawi machache, ikapata mamilioni ya wateja ambao hawakuwahi kuona mlango wake. Machi 2015 KCB ikaja na KCB M-Pesa kwa mtindo uo huo. Hata Tanzania njia ikafuatwa: mwaka 2014 tawi la CBA nchini humo na Vodacom walianzisha M-Pawa.

Hoja zilipobadilisha mikono

Mwaka 2014 ndio unaonivutia kuliko yote katika kisa hiki. Equity, baada ya M-Kesho kufifia, iliamua isiwe mpangaji katika nyumba ya mtu. Kampuni yake tanzu ikapata leseni ya kutoa huduma za simu kwa kutumia mtandao wa Airtel. Tatizo lilikuwa kwamba Wakenya wengi wasingeacha laini ya Safaricom. Suluhisho lilikuwa laini nyembamba kutoka Taiwan, utando unaobandikwa juu ya laini ya kawaida ndani ya simu hiyohiyo, mteja akawa na namba mbili bila kununua simu nyingine.

Safaricom ikapinga. Ilisema utando huo unakaa kati ya simu na laini yake, hivyo namba za siri za wateja wa M-Pesa zinaweza kuwa hatarini, na ikaiomba Mamlaka ya Mawasiliano iingilie. Suala likafika hadi bungeni. Septemba 2014 mamlaka ikaruhusu jaribio la mwaka mmoja chini ya uangalizi, na mwaka 2015 huduma hiyo ya Equity, Equitel, ikazinduliwa rasmi.

Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu Desemba 2008. Aliyekuwa akilalamikiwa alikuwa sasa analalamika, kwa maneno yaleyale: usalama wa wateja, mfumo usiothibitika, msimamizi achukue hatua. Nasema hivyo bila kumkejeli yeyote, maana hoja ya usalama wa laini nyembamba ilistahili kuchunguzwa kama ile ya akaunti ya udhamini ilivyostahili. Ninachokiona ni kwamba anayeshika njia ya kumfikia mteja huiona otomatiki ya mwenzake kuwa hatari, awe amesomea benki au uhandisi wa simu. Msimamizi alifanya vizuri mara zote mbili kwa kufanya lile lile: akachunguza, akaweka mipaka, akaacha wananchi wachague.

Kazi na mamlaka

Hofu kubwa iliyozungumzwa kwenye korido za benki mwaka 2008 ilikuwa kwamba simu itaua matawi. Kilichotokea kwanza ni kinyume. Matawi ya benki nchini Kenya yalikuwa kama 740 mwaka 2007. Mwaka 2015 yalikuwa yamepita 1,500. Watu waliozoea kutunza pesa kwenye simu walikuja kutaka akaunti, mikopo ya biashara, hati za malipo. Wafanyakazi wa benki nao waliongezeka hadi kupita 36,000 mwishoni mwa 2015.

Kisha mkondo ukageuka, kwa mkono wa benki zenyewe. Mawakala wao na programu zao za simu zilikuwa zimechukua miamala ya kawaida, ukumbi ukabaki na viti. Septemba 2016 ikaja sheria ya kuweka kikomo cha riba, asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na mapato yakabanwa. Benki zilitangaza kustaafu kwa hiari na kuunganisha matawi. Mwishoni mwa 2017 wafanyakazi walikuwa wamebaki chini ya 31,000. Mwaka huohuo, Februari 2017, umoja wa benki ulianzisha PesaLink, njia yao wenyewe ya kutuma pesa papo hapo kutoka akaunti hadi akaunti. Uamuzi wa kufungua milango ulikuja miaka kumi baada ya M-Pesa, na makarani waliofundishwa kuhesabu noti ndio waliolipia kuchelewa huko. Hilo linanisikitisha kuliko malalamiko ya 2008. Miaka minane ya matawi kuongezeka ilikuwa muda wa kutosha kuwafundisha makeshia kazi ya mikopo midogo, ushauri kwa wafanyabiashara, usimamizi wa mawakala. Baadhi walipata nafasi hiyo. Maelfu walipewa barua.

Halafu kuna kilichompata meneja wa tawi mwenyewe, ambacho hakuna aliyekitabiri wakati wa ukaguzi. Zamani, uzito wake mjini ulitokana na mkopo. Alimjua mwenye kiwanda cha mbao, alijua nani analipa na nani ana maneno matamu, na ndani ya kikomo chake aliamua. Alikuwa na upendeleo pia, tusimpambe. Wanawake wengi na vijana wasio na hati ya shamba walitoka ofisini kwake mikono mitupu. M-Shwari na wenzake waliwakopesha watu hao bila kuwauliza wanatoka wapi, na hilo ni jema lisilobishaniwa.

Lakini mkopo wa kompyuta ulikuja na ukali wake. Watu wakaorodheshwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo kwa madeni ya shilingi mia kadhaa, wengine bila kufahamu, wakaja kugundua wakati wa kutafuta kazi au mkopo wa maana. Ilifika mwaka 2020 ndipo kanuni mpya zikazuia kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Na wakopeshaji wa programu za simu wasio benki, waliojazana kwa kuiga mfano huo, waliwekwa chini ya Benki Kuu kwa sheria ya Desemba 2021.

Katika miaka yote hiyo, mteja aliyekataliwa na kompyuta au kuorodheshwa kimakosa alikwenda mahali alipozoea kupeleka shida ya benki, yaani tawini. Meneja alimpokea kwa heshima, akamkalisha, akafungua skrini, akaona kile kile ambacho mteja alikiona kwenye simu yake. Sababu ya kukataliwa haikuandikwa hapo. Aliweza kumpa namba ya huduma kwa wateja ya kampuni ya simu.

Naamini hili ndilo ambalo wakuu wa benki wangelipigania kwa nguvu zile zile walizotumia kumwendea waziri. Mkataba wa benki na kampuni ya simu useme wazi kwamba tawi linaweza kuona sababu ya uamuzi, kusahihisha taarifa zilizokosewa na kurudisha pesa iliyokatwa isivyo halali, kwa muda unaojulikana. Meneja mwenye mamlaka hayo angekuwa na kazi ambayo M-Pesa haikuwa nayo mwaka 2008, na ambayo mashine za mikopo bado hazijaifanya.